Batri ya Beni Inasikia Baridi

Siku ya kwanza, tarehe 7 mwezi wa saba

Nimeshituka mpaka chai ikapoa mukononi.

Asubui courant ya umeme ilienda, sawa kawaida yake hapa Butembo. Mu duka yangu ya bureautique, La Certitude, byote kimya: ordinateur ya kuandikia, imprimante ya kuchapia, photocopieuse. Nikasema haina neno, leo ni ya batu bote. Nikatoka ku mulango nilalamike pamoja na majirani. Kumbe ngambo ya barabara, kwa Phinées, taa inawaka! Imprimante yake iko inatema makaratasi! Amenunua onduleur mupya, ile kisanduku yenye batri inayoshika ordinateur wakati courant inaenda. Phinées! Mutu alianza kazi na kalamu mbili na meza ya kuazima! Wateja wangu wane wakasimama, wakaniaga kwa heshima, wakavuka.

Alibakia Mama Virginie peke yake. Hawezi kuvuka. Kazi yake iko mu ordinateur yangu, na kwangu kuna sheria: mutu hapewe kazi yake mu flash, kale ka-kifaa ka kubebea kazi, mbele haijaisha kabisa mpaka kuchapwa. Ukimupa flash leo, kesho anaenda kusahihisha kwa Phinées. Hii sheria nilitunga mwenyewe. Ninaipenda.

Mama Virginie ni mwalimu, miaka makumi mbili na tatu mbele ya ubao. Alikimbia Luofu wakati bunduki zililia. Aliacha nyumba, mbuzi na sahani zote, akabeba ku mugongo daftari sita ndani ya kikwembe: kazi yake ya kumalizia université, juu ya batoto wanaobadilisha shule kila vita. Nimemuandikia yote, kurasa makumi sita na ine. Siku ya tano ya hii juma, mbele ya bureau kufunga, anapaswa kuweka nakala tatu ku université. Siku ya posho, kesho yake, anaitetea mbele ya maprofesa. Akikosa, ni kungojea mwaka mwingine, na ile nafasi ya directrice wa shule waliyomuahidia inapewa mutu mwingine. Leo aliniuliza polepole kama kazi yake iko salama. Nilimujibu iko sawa ndani ya tabernakulo.

Onduleur niko nayo miye pia, chini ya meza. Batri yake ilikufa zamani. Nikaita fundi Siméon. Akaanza kuniuliza kila chombo kinakula watts ngapi! Akasema tuhesabu kwanza muzigo, kisha tuchague batri, mupya, yenye kufungwa, tuipe siku nzima ya kushiba, na imprimante isiguse ile onduleur hata siku moja. Nilishangaa sana. Mutu mukubwa sawa yeye anachagua batri kwa maswali! Batri inachaguliwa sawa mbuzi ya mahari. Unainyanyua. Ikilemea, ni nzuri.

Siku ya pili, tarehe 8 mwezi wa saba

Nimetoka Beni. Mugongo unauma. Lakini niko nayo!

Nilikuwa nimesikia kwamba bwana mumoja Tshibangu, agent wa serikali, mutu wa Kasaï, amepata mutation, wanamuhamisha, na anauzisha bintu yake yote mu commune ya Beu. Nikapanda moto, pikipiki ya kukodi, asubui. Joto ya Beni ni kitu kingine. Nilivua koti ku barrière ya kwanza ya askari, pull yangu ya sufu ku ya pili. Nikafika kwa Tshibangu na singileti.

Batri ilikuwa nyuma ya nyumba, ya camion, nyeusi, kubwa sawa sanduku ya nguo. Nikainyanyua. Kilo makumi ine, si chini! Moyo ukafurahi.

Kisha Tshibangu akafungua kinywa. Akasema hii batri imekufa. Akasema ilifanya miaka ine ndani ya camion, ikakaa miwili juani, maji yake ikakauka, na haifae tena isipokuwa kwa wanaoyeyusha plomb, ile chuma laini ya ndani. Yesu Maria! Miaka makumi ine na moja niko hapa duniani, nimezaliwa kati ya bachuruzi, nimelelewa ku soko, sijasikia mutu anatukana mbuzi yake mwenyewe mbele ya munuaji! Nikakaa kidogo ku jiwe. Halafu nikaelewa. Kuna mutu mwingine anaingojea. Labda colonel.

Basi nikakaza. Akakataa. Nikapandisha bei. Akakataa tena, akaita bibi yake Jeannine anisemeshe. Jeannine akaniambia kwamba yeye anaitumia kuanikia masufuria. Bibi naye wamemufundisha! Mwisho Tshibangu alichoka, akakubali, lakini nitie sahihi ku karatasi aliyoandika mwenyewe: nimeambiwa kwamba batri haifanye kazi. Nikatia sahihi mbio, mbele hajabadilisha roho.

Kurudi ilikuwa motari, mwenye pikipiki, mbele, batri katikati, miye nyuma, nusu yangu nje. Motari alinung'unika ku kila mulima. Nilimuambia uzito ni alama ya afya. Butembo alinidai bei ya batu babili.

Siku ya tatu, tarehe 9 mwezi wa saba

Siméon aliitazama batri, akaomba karatasi. Nikamupa ile ya Tshibangu. Akaisoma. Akaniangalia. Akarudisha bisibisi ndani ya sac na akaenda bila kuaga. Wivu namna hii, kwa mutu wa umri wake!

Nikafunga nyaya mwenyewe. Nyekundu na nyeusi, si kitu ya kusomea. Lakini nilipoigusa, batri ilikuwa baridi sawa jiwe ya mutoni. Hapo nikaona tatizo ambalo Siméon na maswali yake hangeona hata kwa mwaka. Hii batri ni ya Beni! Imezoea joto. Hapa kwetu asubui hata padri anaweka pull chini ya kanzu. Nikakimbia ku nyumba, nikatoa blanketi ya kitanda, nikaifunika vizuri, nikaipatia fasi ya kupumua ku upande ya vifuniko.

Saa sita bibi yangu Joyeuse alileta chakula. Akaona blanketi yake chini ya meza, na kitu kinalala ndani. Akasimama. Akauliza kwa sauti ndogo ni nani. Nilipofunua, alitazama batri, akanitazama miye, akasema heri ingekuwa mutu, tungemurudisha kwao. Akaacha sahani, akaenda.

Halafu onduleur ikaanza kulia. Bip. Bip. Bip. Zamani Siméon aliniambia ule mulio ni onyo, batri iko inaomba musaada. Lakini ule mulio unafukuza wateja! Nikafungua kisanduku, nikatafuta kale ka-waya ka sauti, nikakakata. Kimya kabisa. Imepona.

Ilibakia maji. Ku batri wameandika eau distillée, maji ya mvuke, na Siméon alishasemaka ni chupa ya garage tu, yenye kufungwa. Chupa ya garage! Wakati nyuma ya kanisa ya paroisse tuko na Mama Kavugho, anayepika kanyanga, pombe kali ya ndizi, tangu wakati wa nyanya yake! Pipa iko, murija iko, moto iko. Mutu anayeweza kuondoa moshi ndani ya ndizi atashindwa maji? Nikamuomba anipikie maji tupu, nipate ule mvuke wake, jerikani moja. Akauliza kama niko muzima. Akauliza kama Joyeuse anajua. Nikamuambia ni siri ya kazi. Akasema nirudi kesho, tena akanipa pole. Pole ya nini?

Siku ya ine, tarehe 10 mwezi wa saba

Nitaanza ku mwanzo.

Asubui nilichukua jerikani kwa Mama Kavugho, nikaimimina ndani ya matundu sita ya batri. Harufu ilikuwa kali kidogo. Nikasema ni usafi. Batri ilikunywa bila kulalamika, nikaifunika tena.

Mama Virginie akafika na nakala ya karatasi tuliyochapa zamani, ambayo profesa wake alijaza wino nyekundu. Tukaingiza masahihisho ya mwisho, koma kwa koma. Kazi ikaisha! Akatoa flash mupya ndani ya mukoba, akasema: "Papa Jéthro, uniwekee hata nakala moja humu, nipate usingizi." Nilimuambia kesho, wakati tutachapa yote. Sheria ni sheria. Akarudisha flash ndani ya mukoba, akafunga zipu polepole.

Dakika ile ile courant ikaenda. Na ordinateur yangu ikabaki inawaka!

Nililia kwa furaha mpaka wakasikia ngambo. Nikaita Phinées aje aone na macho yake. Nikaita kinyozi Zacharie, jirani yangu, aje na mashini yake ya kunyoa na mteja wake aliyebakia na nusu kichwa. Nikaunganisha kinyozi. Nikaunganisha imprimante. Nikaunganisha bouilloire, chai kwa bote! Batu kumi na mbili mu bureau yangu, na Phinées ku mulango, mikono nyuma. Dakika kumi na moja za utukufu. Nilizihesabu.

Ku dakika ya kumi na mbili blanketi ikapumua. Nimeona na macho yangu! Ikapanda, ikashuka. Harufu ikajaa nyumba, kanyanga na kitu kinaungua, sawa matanga ku siku ya tatu. Katekista Vagheni, aliyekuwa anangojea photocopie ya nyimbo, akaniangalia kwa huzuni. Kisha: paa! Kifuniko kikaruka, povu ikatoka, batu bote ndani ya barabara, mteja wa Zacharie mbele yao. Hakuna mutu aliumia. Blanketi ilishika yote, na sasa unaweza kuitumia kuchuja unga. Ordinateur ikazima. Papo hapo courant ikarudi kwa nguvu, bila kitu cha kuizuia, na ndani ya ordinateur nikasikia tak. Moshi kidogo, mwembamba.

Siméon alikuja mbio. Akafungua, akatoa ile sehemu inayochunga kazi zote, akaigeuza ku mwangaza. Nyeusi. Akasema hakuna kitu ya kutafuta humu ndani.

Mama Kavugho naye akafika, alisikia ule mushindo toka paroisse. Akaona jerikani, akaona batri, akashika kichwa. Alikiri mbele ya batu bote. Alisema tangu azaliwe hajaona mutu mwenye akili anaunguza kuni juu ya maji tupu. Alifikiri niko naona haya kuomba kanyanga kwa jina lake, juu ya kuogopa Joyeuse. Basi akanipatia ile ya kwanza kutoka ku murija, ile kali, ile anachungia harusi. "Nilikuonea huruma, papa," akasema. Nilishituka hata sikuweza kukasirika.

Mama Virginie alikuwa ameketi ku benchi. Hakulia. Alishika mukoba juu ya magoti. Akasema: "Toka Luofu niliibeba ku mugongo, na hata ukurasa moja haukuanguka."

Nilisikia haya. Ninaiandika kwa sababu hakuna mutu anasoma hii daftari: nilisikia haya kweli. Nilitafuta neno la kumuambia. Nikamuambia chai iko tayari.

Phinées alikuwa bado ku mulango. Akamuuliza Mama Virginie ile nakala ya wino nyekundu iko wapi. Iko ndani ya mukoba. Basi akamushika mukono, wakavuka barabara.

Siku ya tano, tarehe 11 mwezi wa saba

Sijaona kitu kama hii tangu ninafanya biashara!

Toka asubui mapema kwa Phinées kumejaa bawalimu. Kumi! Wenzake Mama Virginie, wengine wa hapa, wengine wamekimbia naye toka Luofu. Wamegawanya ile nakala, kurasa kidogo kwa kila mutu. Ku kila ordinateur moja anasoma, moja anaandika, na kuna mama mumoja anaandika na kidole kimoja sawa anachagua mchanga ndani ya mchele. Na Phinées amefunga mulango kwa wateja wengine! Siku ya tano! Siku ya soko! Mutu wa Butembo anafunga mulango mbele ya wateja, na hayuko mugonjwa!

Tena kuna mabaya zaidi. Nilisikia sauti inasoma mpaka koma na mistari, "virgule, à la ligne", nikaijua. Joyeuse! Bibi yangu wa ndoa, kwa Phinées, tena anasoma vizuri!

Mchana courant ikaenda. Nikasogea ku mulango nione aibu yao. Onduleur ya Phinées ikalia bip, moja tu. Phinées akasema kitu, bote wakahifadhi kazi yao mu flash, wakazima imprimante kwanza, wakaandika kidogo, wakazima na ordinateurs, wakakula beignets. Courant ilirudi, wakaendelea. Nilibakia kinywa wazi. Mutu muzima anatii kelele ya kisanduku!

Halafu Phinées mwenyewe akavuka kuja kwangu. Hana mashini ya reliure, ya kufunga vitabu. Yangu ni ya mukono, na ku La Certitude yote ni kitu moja tu bado kiko kizima. Hapo akili ikarudi. Nikafikiria: sawa, nitafunga vitabu, lakini tampon, muhuri ya La Certitude, iwe ku jalada la mbele, kubwa, Phinées aione. Nilikuwa nayo tayari mukononi.

Mama Virginie akaingia na makaratasi. Bado yalikuwa na moto ya imprimante. Aliyabeba na mikono miwili ku kifua, macho mekundu, vidole vyeusi na wino. Hakuniomba kitu. Aliyaweka mbele yangu na akangojea. Nikarudisha tampon ndani ya tiroir ya meza.

Nilifunga nakala tatu, tundu kwa tundu. Sikukosea hata moja. Kisha nikapiga tampon, lakini ku nyuma, ndogo. Motari akamupeleka mbio. Joyeuse anasema walikuta secrétaire wa université ameshasimama na funguo mukononi, na akaketi tena.

Siku ya posho, tarehe 12 mwezi wa saba

Grande distinction, alama ya juu sana!

Nilikwenda. Nilisimama nyuma kabisa, karibu na Siméon, ambaye alinisalimia na kidevu. Mama Virginie alisema juu ya batoto wa Luofu, mumoja mumoja, na darasa ambalo kila mumoja aliacha katikati. Profesa mumoja alivua miwani akaisafisha, akaivaa, akaivua tena. Wenzake walipiga mikono. Mama Kavugho alipiga vigelegele mpaka wakamuomba apunguze. Miye nililia pia. Ilikuwa vumbi.

Kisha wakaweka kitabu ku meza, kila mutu atazame. Nikafungua ukurasa wa shukrani. Nikaona jina langu! Imeandikwa kwa Kifaransa, miye ninaiweka hapa sawa ilivyo: "Kazi hii imekimbia mara mbili. Mara ya kwanza Luofu, mbele ya vita. Mara ya pili Butembo, mbele ya batri ya Papa Jéthro. Mara zote mbili walimu waliibeba."

Nilishituka mpaka nikashika ukuta. Jina langu, ndani ya kitabu ya université, na herufi kubwa! Itakaa mu bibliothèque hata kama nimekufa! Nikatafuta jina la Phinées, juu, chini, nyuma. Hakuna. Kuna tu "jirani mwema aliyekataa tuandike jina lake." Aliyekataa! Pole yake. Nilimuonesha Joyeuse. Alisoma, akauliza kama nimesoma mpaka mwisho. Nikasema nimesoma mara sita.

Siku ya kwanza ya juma ingine, tarehe 14 mwezi wa saba

Maisha imerudi muzuri.

Binamu yangu ameniazima ordinateur yake. Ule ukurasa wa shukrani nimeutolea photocopie ku paroisse, nimeuplastifier usilowe mvua na nimeutundika ku mulango, fasi kila mutu anapita.

Juu ya batri, nimefikiri siku mbili na nimepata kosa. Baridi. Blanketi moja haikutosha. Zitapaswa mbili, na Joyeuse anapaswa kunionesha alificha wapi ile ingine. Mama Kavugho safari hii nitamusimamia mwenyewe mbele ya pipa. Nimepigia Tshibangu téléphone nimuulize kama ako na batri ingine. Akasema iko moja, lakini hiyo ni mbaya kuliko ile ya kwanza. Mutu huyu hatanidanganya mara mbili! Nimemuambia aniwekee, asiioneshe mutu.

Na tayari nimepata mteja, bwana anayeandika ukoo wa familia yake tangu babu ya babu, kurasa nane nimeshaziandika. Aliniomba nimuwekee mu flash. Nikamuambia kwa upole kwamba kwangu kuna sheria, tena kazi haipotee hapa, kama ana mashaka asome ile karatasi ku mulango. Alikwenda akasoma. Akasoma tena. Halafu akarudi, akachukua daftari zake mu meza na akavuka barabara mbio mbio kwa Phinées. Nafikiri ameenda kumuambia jina langu liko ndani ya kitabu.